Hadithi Si Uongo: Juu ya Misingi ya Hadithi, Shairi na Tamthilia

Katika desturi za kutambiana hadithi zilizoenea pwani na bara, msimulizi haanzi kusimulia mpaka abishe hodi. Hupaza sauti, "Paukwa!" na wasikilizaji humjibu, "Pakawa!" Pengine huitikia kwa kuuita uongo uje na utamu ukolee. Ndipo hadithi inapoanza. Watoto wengi wa nchi hii wameyasikia maneno hayo kabla ya kujua kusoma, na kwa kuwa wameyazoea, ni wachache waliosimama kuyafikiri. Lakini ndani yake mna swali zito la maadili. Mzazi yule yule aliyemwadhibu mtoto mchana kwa kusema uongo, usiku humketisha mtoto huyo mbele ya bibi yake ili uongo uitwe kwa jina lake na kukaribishwa kama mgeni. Je, wazee wetu walikuwa na ndimi mbili? Au kuna jambo walilolijua kuhusu hadithi ambalo sisi, pamoja na wingi wa vitabu vyetu, tumeanza kulisahau?

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo. Njia tutakayoifuata ni ile ya misingi ya hadithi, shairi na tamthilia, yaani mambo ambayo mwalimu wa fasihi huyaandika ubaoni kila mwaka: msuko wa matukio, wahusika, mandhari, msimulizi, dhamira, vina na mizani, mazungumzo ya jukwaani. Twajua jinsi mambo hayo yanavyofundishwa mara nyingi. Mwanafunzi hupiga mstari katikati ya ukurasa, upande mmoja akaandika fani na upande wa pili maudhui, akajaza majina chini yake, akayakariri. Na mtihani ukiisha, majina hayo huondoka kama maji ya mvua juu ya jiwe. Sisi twashikilia kwamba kila msingi katika orodha hiyo ni deni ambalo mtunzi anadaiwa na watu anaowasimulia. Kumbuni mtu asiyekuwapo si kosa. Kosa ni kumbuni kisha kumnyima haki yake. Na hapo ndipo uongo wa kweli wa fasihi ulipo.

Ugomvi wa kale

Swali hili halikuanzia kwetu. Katika Ugiriki ya kale, karne ya 4 kabla ya Kristo, Plato aliandika juu ya dola aliyoiona kuwa kamilifu, na katika dola hiyo hakuwapa nafasi washairi, ila wale wa kuimba sifa za miungu na za watu wema. Hoja yake ilikuwa kwamba mshairi huiga vitu vya dunia, na vitu vyenyewe ni vivuli tu vya ukweli. Basi kazi ya mshairi ni kivuli cha kivuli, na tena huchochea hisia mahali ambapo akili ingepaswa kutawala. Mwanafunzi wake, Aristotle, hakukubali. Yeye alisema kwamba historia hueleza jambo ambalo mtu fulani alilitenda, ambapo utunzi hueleza jambo ambalo mtu wa namna fulani angelitenda, kwa kadiri ya tabia yake na hali iliyomkuta. Alipoihesabu misingi ya tanzia aliikuta sita, na juu ya yote akauweka msuko wa matukio.

Nasi tunao shahidi wetu. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alikuwa karani katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Mwaka 1951 kilichapishwa kitabu chake *Kusadikika*, kinachosimulia habari za nchi iliyo angani, ambako kijana aitwaye Karama ashitakiwa kwa kutaka watu wafundishwe elimu ya sheria. Karama ajitetea barazani kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa pande mbalimbali na kurudi na mambo mema, kisha wakalipwa kifungo. Hakuna msomaji hata mmoja aliyepata kutazama juu kuitafuta nchi hiyo mawinguni. Kila msomaji aliitazama nchi aliyokuwa ameikanyaga. Mtumishi yule wa serikali ya kigeni hangeweza kuandika kwa uwazi kwamba mtawala anayeogopa raia wake wajue sheria ni dhalimu; aliweza kuandika kwamba kulikuwa na nchi angani. Basi ni nani aliyekuwa akisema kweli zaidi katika Tanganyika ya mwaka 1951: kitabu hiki cha mambo yasiyokuwapo, au taarifa za serikali zilizopigwa mihuri?

Hapo tunaanza kuona maana ya hodi ya msimulizi. Mwongo huficha kwamba anabuni, kwa sababu faida yake inategemea kusadikiwa. Msimulizi hutangaza mbele ya watu kwamba anabuni, nao hukubali kwa sauti. Hakuna aliyedanganywa. Zamani hizi ambapo simu iliyo mkononi huleta habari nyingi kuliko zinazoletwa na jirani, tofauti hiyo yafaa ifundishwe upya. Uvumi nao una wahusika, una msuko, una kilele. Kitu unachokosa ni hodi. Uvumi hauna paukwa.

Hata hivyo, kutangaza kwamba tunabuni hakutuondolei madeni yote. Mtu aweza kubisha hodi kwa adabu, kisha akaingia na kuiba.

Tukio moja la Goba

Ili tusizungumze hewani, na tuchukue mfano mmoja na kuupitisha katika tanzu zote tatu. Goba, ambako sisi tunaishi, iko juu ya vilima pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam. Zamani ilihesabiwa katika Kinondoni, na ilipoanzishwa Manispaa ya Ubungo mwaka 2016 ikawa upande huo. Wenye umri mkubwa wanaikumbuka Goba ya mashamba: mikorosho, minazi, miembe, mihogo, na njia za miguu zinazoteremka makorongoni. Kisha mji ukapanda vilima. Mashamba yakakatwa viwanja, viwanja vikawekwa kuta, na barabara ya lami ikaunganisha Mbezi Louis na Tangi Bovu kwa kupitia hapa. Katika mabadiliko hayo mna hadithi zisizo na idadi. Hii tunayoitoa tumeibuni wenyewe, na watu waliomo hawakupata kuishi. Paukwa, basi.

Mzee mmoja alikuwa na shamba la ekari mbili. Katika kona ya shamba, chini ya mkorosho, yalikuwapo makaburi ya baba yake na mama yake. Mzee akaliuza shamba lote kwa mtumishi mstaafu aliyetoka mjini. Maandishi yakafanyika mbele ya mashahidi katika ofisi ya serikali ya mtaa. Mnunuzi akajenga ukuta na kuweka geti. Siku chache kabla ya mwezi wa Ramadhani, dada yake mzee, aliyeolewa Kisarawe, alikuja kuyazuru makaburi ya wazazi wake kama alivyozoea. Akaukuta ukuta. Habari inaishia hapo. Sasa na tuone kila utanzu unadaiwa nini mbele ya ukuta huo.

Madeni ya hadithi

Mwandishi wa hadithi hukutana kwanza na msuko. Wanafunzi wengi hudhani kwamba msuko ni mfuatano wa matukio: hili likatokea, kisha lile. Huo ni mfuatano tu, nao wapatikana hata katika daftari la mgambo. Msuko huanza pale tunapouliza kwa nini. Tukisema, "Mzee aliuza shamba, kisha dada yake akazuiwa getini," tumepanga matukio. Tukisema kwamba mzee aliuza kwa sababu mwanawe alilazwa miezi mitatu na hapakuwa na ndugu aliyeleta hata nauli, tumesuka. Na tazama jinsi hukumu ya msomaji inavyogeuka. Sentensi ya kwanza inatuonyesha mtu asiyejali mifupa ya wazazi wake. Ya pili inatuonyesha baba aliyesimama kati ya waliokufa na anayetaka kufa. Basi mwandishi anayeiruka sababu, kwa uvivu au kwa haraka ya kumfikisha mhusika kwenye adhabu, amefanya jambo lile lile afanyalo shahidi anayeficha nusu ya habari mahakamani. Deni la msuko ni sababu.

La pili ni deni la mhusika. Wanafunzi wanafundishwa kuwagawa wahusika katika wakuu na wadogo, na tena katika wale wa upande mmoja na wale wa pande nyingi. Mgawanyo huo una manufaa, lakini hautoshi. Katika mfano wetu yuko mnunuzi. Ni rahisi sana kumfanya mwenye kitambi, mwenye kucheka ovyo, asiyejua salamu. Msomaji angemchukia tangu ukurasa wa kwanza, na kazi ya mwandishi ingekuwa nyepesi. Lakini mstaafu huyo naye alikatwa mshahara miaka thelathini akingoja kiinua mgongo, akaishi nyumba za kupanga, akahamishwa kama mzigo, na akaapa kwamba atakufa ndani ya ukuta wake mwenyewe. Tena huenda hakuambiwa kwamba chini ya mkorosho pana makaburi. Mhusika anayepewa ubaya bila kupewa sababu zake amehukumiwa bila kusikilizwa. Wakati mwingine aina ya utunzi yenyewe hulipunguza deni hili: katika *Kusadikika* waziri anayemshitaki Karama aitwa Majivuno, na jina lake limekwisha kutoa hukumu. Twalikubali jambo hilo kwa kuwa hekaya ya mafumbo hutangaza mapema kwamba watu wake ni tabia zilizovalishwa kanzu. Riwaya inayodai kuonyesha watu tunaopanda nao daladala haina ruhusa hiyo.

La tatu ni msimulizi. Habari ya ukuta ikisimuliwa na dada, ni habari ya khiyana. Ikisimuliwa na dalali, ni habari ya biashara iliyokwenda vizuri. Ikisimuliwa na mjukuu aliyekuwa akiokota korosho pale, huenda ikawa habari ya mti. Kila msimulizi huona kitu na hukosa kuona kingine. Mwandishi mwaminifu hulijua pengo la msimulizi wake na humwachia msomaji ufa wa kuchungulia upande wa pili.

Mandhari nayo, ambayo wanafunzi wengi huijibu kwa jina la mji na msimu wa mwaka, ina deni lake. Ukuta ule usingekuwa na maana hiyo hiyo mahali ambapo watu huzikwa katika makaburi ya umma. Una maana Goba kwa sababu hapa kaburi lilikuwa hati ya shamba kabla ya hati kuandikwa: aliyezikwa juu ya ardhi alikuwa shahidi kwamba ardhi ile ina wenyewe. Mandhari ni mahali pamoja na mambo ambayo mahali hapo panamdai mtu.

Madeni ya shairi

Mshairi hana nafasi ya kueleza yote hayo, wala haipasi ajaribu. Shairi halikusanyi sababu. Huchukua dakika moja na kukaa nayo mpaka ifunguke. Katika habari yetu, mshairi angeweza kuziacha zile miezi mitatu za hospitali, akaacha mapatano na mashahidi, akabaki na mkono wa mwanamke uliowekwa juu ya matofali, mahali ambapo nyuma yake, hatua kumi tu, yuko mama yake. Hiyo yatosha.

Lakini shairi lina deni gani? Jibu limo katika lugha yetu yenyewe. Tunasema kwamba shairi lina mizani, na neno hilo hilo ndilo tunalolitumia sokoni kwa chombo cha kupimia nyama na mchele. Katika shairi la kawaida ubeti una mishororo minne, kila mshororo una mizani 16, nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho huifunga mishororo pamoja. Katika utenzi kila mshororo una mizani minane, na mshororo wa nne hubeba kina kinachokwenda tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Mfanyabiashara anayepunja mizani hujulikana, na mtunzi anayepunja hujulikana vile vile, kwa kuwa sikio la msikilizaji hugutuka. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, alitunga juu ya mambo ya mji, ya soko na ya nyumba. Mashairi yake yalikaa vifuani mwa watu kwa miaka mingi, na diwani yake ilichapishwa mwaka 1940. Vina na mizani vilikuwa walinzi wake: mtu akilibadili neno, mshororo hupata kilema, na aliyelibadili huumbuka.

Lakini mlinzi huyo aweza kugeuka mwizi. Turudi Goba. Mtunzi wetu ana vina vya *ni*. Amekwisha kuandika "shambani" na "kaburini," na sasa kina kinamdai neno la tatu. Anatafuta, halipati, linamjia "mhuni." Mshororo unatimia, mizani inakaa sawa, kina kinalia kama kengele, na yule mzee aliyeuza shamba amekuwa mhuni milele, kwa sababu tu jina la tabia yake lilimalizika kwa silabi iliyohitajika. Mtu amesingiziwa na kina. Jambo hili ni la kawaida kuliko tunavyodhani, na magazeti yetu yamechapisha mashairi mengi ya namna hiyo. Lugha yetu hapa yatukumbusha tena: neno "kina" ni la shairi, na ni la bahari pia. Kina kisichoshuka chini ni mlio mtupu.

Kwa sababu hiyo, twautazama kwa utulivu ugomvi uliowagawa washairi wetu katika miaka ya 1970. Kaluta Amri Abedi, aliyekuwa Meya wa Dar es Salaam na baadaye waziri, alikwisha kutoa mwaka 1954 kitabu cha sheria za kutunga mashairi, na chama cha UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, kiliutetea ushairi wa mapokeo. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa *Kichomi*, diwani yenye mashairi yasiyofuata vina wala urari wa mizani. Wengine wakasema kwamba huo si ushairi wa Kiswahili. Wengine wakasema kwamba vina ni minyororo. Kwa maoni yetu, pande zote mbili zilikuwa zikilinda kitu chema, na swali lililo zito zaidi liko chini ya lile walilogombea. Swali hilo ni hili: je, mtunzi aweza kuliwajibikia kila neno alilolitia? Mtunzi wa mapokeo asiseme, "Kina ndicho kilichonilazimisha." Na mtunzi wa mashairi huru ana deni zito zaidi, kwani yeye hakulazimishwa na chochote; kila neno alilolitia amelichagua mwenyewe.

Madeni ya tamthilia

Katika mchezo wa kuigiza msimulizi ameondoka. Hakuna wa kutuambia kwamba mzee alikuwa na huzuni au mnunuzi hakujua. Wapo watu tu, jukwaani, wenye midomo. Dada asimama mbele ya kaka yake na kusema, "Umemuuza mama." Kaka hana budi kujibu. Papo hapo deni la tamthilia linajulikana: kila anayesimama jukwaani apewe maneno bora kuliko yote ambayo mtu wa namna yake angeweza kuyasema. Mwandishi akimpa dada hoja nzito na kaka akampa kigugumizi, hajaandika mgogoro. Ameandika hotuba na kuwavalisha watu wawili.

Mfano ulio bora katika lugha yetu ni *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe ni mtu wa historia. Alinyongwa na Wajerumani Agosti 1905, wakati Vita vya Majimaji, vilivyoendelea hadi mwaka 1907, vilikuwa ndiyo kwanza vinaanza. Mwandishi mwenyewe alieleza katika utangulizi kwamba Kinjeketile wa mchezo ni wa kubuni, asichukuliwe kuwa ndiye yule wa historia. Naye alibisha hodi! Kisha akaliweka jukwaani swali lile lile la makala haya. Maji yale yaliwaunganisha watu waliokuwa wametengana, na maji yale yale yakawapeleka mbele ya risasi. Kinjeketile yu kifungoni, atakiwa akane kwamba maji yalikuwa na uwezo. Akikana atakuwa amesema jambo lililo kweli juu ya maji, lakini watoto wa kesho wataambiwa kwamba babu zao walikosea kupigania nchi yao. Anakataa. Je, amesema uongo? Watazamaji hutoka ukumbini wakibishana, na ubishi huo ni dalili kwamba mwandishi alilipa deni lake kwa pande zote mbili.

Tunaye na mfano mwingine. Mwaka 1963, akiwa Rais wa nchi changa, Mwalimu Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare juu ya Juliasi Kaizari, akaitengeneza upya mwaka 1969. Huo ni mchezo ambamo mtawala anauawa, na mmoja wa wauaji wake, Brutus, amepewa sababu za mtu mwema anayeipenda nchi yake. Mtawala aliyeshika kalamu ya mfasiri angeweza kumpunja Brutus maneno mawili matatu. Hakumpunja. Somo hilo lastahili kufundishwa pamoja na somo la vitendo na maonyesho.

Kwa kipimo hicho hicho, hatuna budi kuzitazama ngonjera. Mathias Mnyampala, aliyefariki mwaka 1969, aliukuza utanzu huo wa majibizano ya kishairi, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ulienea shuleni na kwenye mikutano ukieneza siasa ya Ujamaa. Ulikuwa na nguvu kubwa ya kuwafikia watu wasiosoma vitabu. Lakini katika ngonjera nyingi asiyekubali huingia akiwa mjinga, huuliza maswali mepesi, na mwishowe hushukuru kwa kufunzwa. Mtu aliyekuwa na shaka ya kweli kati ya watazamaji hakumwona mtu wa kumsemea, akarudi nyumbani na shaka yake nzima. Hasara ilikuwa ya fasihi, na ilikuwa ya siasa pia.

Je, kuelewa ni kusamehe?

Hapa mwalimu makini atatuuliza: Ikiwa kila mhusika apewe sababu zake, je, hatuwafundishi vijana kwamba hakuna kosa duniani? Hofu hiyo si ya bure, na ilipata kuonekana waziwazi. Riwaya ya Kezilahabi, *Rosa Mistika*, ilipochapishwa mwaka 1971, iliwashitua wengi, ikazuiwa kwa muda isisomwe mashuleni. Inasimulia habari za msichana wa Ukerewe aliyelelewa na baba mlevi na mkali, Zakaria, ambaye alimfungia mbali na kila mvulana. Msichana huyo akaenda shuleni, akapotea, na mwisho wake ukawa wa kujiua. Waliokizuia kitabu waliona mambo anayoyatenda Rosa. Hawakutazama vya kutosha msuko unaoyaunganisha mambo hayo na nyumba alimotoka.

Maana riwaya ile haimsamehi Rosa. Hakuna kurasa zenye hukumu kali kuliko zile zinazomwonyesha mtu akivuna alichokipanda. Inalolifanya ni kukataa kumhukumu peke yake. Inamwita Zakaria naye aje kizimbani, na nyuma ya Zakaria inaziita desturi zilizomwambia baba kwamba kiboko chatosha kuwa malezi. Kwa hiyo jibu letu kwa mwalimu ni hili: kuelewa sababu ya tendo hakulifuti tendo; kunaongeza idadi ya wanaopaswa kuulizwa. Katika mfano wa Goba, tukimsikiliza mzee hatutasema kwamba makaburi si kitu. Tutauliza pia walikuwa wapi wale ndugu ambao hawakuleta nauli, na dada mwenyewe, anayelia mbele ya ukuta, alikuwa wapi katika ile miezi mitatu. Swali hilo ni chungu kuliko hukumu ya haraka, nalo ni la haki zaidi.

Kazi ya darasani

Serikali ya Tanganyika ilipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, ilikusudia kuwarudishia watu heshima ya mambo yao. Desturi ya kubisha hodi kabla ya kusimulia ni mojawapo ya mambo hayo, na pa kuiendeleza ni darasani. Hatusemi kwamba orodha ya misingi ifutwe ubaoni. Twasema kila neno katika orodha hiyo ligeuzwe kuwa swali. Mbele ya neno *msuko*, mwanafunzi aulize: Ni sababu gani imefichwa? Mbele ya *mhusika*: Ni nani aliyehukumiwa hapa bila kusikilizwa? Mbele ya *msimulizi*: Huyu anayenisimulia hawezi kuona nini? Mbele ya *mandhari*: Mahali hapa panamdai mtu nini? Mbele ya *kina*: Neno hili limeletwa na maana au limeletwa na mlio? Mbele ya *mazungumzo*: Je, aliyeshindwa alipewa maneno yake yote? Na *dhamira*, ambayo wanafunzi huitafuta kwanza kana kwamba ni sarafu iliyofichwa mchangani, iachwe iwe ya mwisho. Kwani ni jumla ya majibu ya maswali hayo, na aliyeikariri kabla ya kuuliza hana kitu mkononi.

Mwanafunzi aliyezoea kuuliza hivyo mbele ya kitabu atauliza hivyo hivyo mbele ya jirani. Siku moja ataketi katika baraza la mtaa kuamua mpaka wa shamba, au ataketi mahakamani, au ataletewa katika simu yake habari za mtu aliyetendwa kuwa shetani kwa sentensi tatu. Akiwa amefunzwa orodha tupu, ataamini. Akiwa amefunzwa madeni, atauliza sababu iko wapi, na upande wa pili unasemaje.

Wazee walipouita uongo uje, walikuwa wameuweka mahali unapoonekana na kila mtu, katikati ya duara, kwenye mwanga wa moto. Hapo haukuweza kumdhuru mtu. Kazi ya mtunzi, na kazi ya mwalimu anayemfundisha, ni kuhakikisha kwamba baada ya hodi ile hakuna uongo mwingine ulioingia kwa mlango wa nyuma.